Mwenye Mbwa Akifariki: Namna ya Kumpatia Mnyama Wake Makao Mapya

Msiba ukitokea, kila jambo hupata mwenyewe upesi. Kamati ya mazishi huundwa jioni hiyo hiyo, mweka hazina hutajwa, nambari ya M-Pesa husambazwa, na wa kupika na wa kutafuta gari hujulikana. Wanaosahaulika ni mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba na paka aliyejificha chini ya kitanda. Kwetu huku mwili huweza kukaa mochari wiki moja au mbili, na mara nyingi mazishi yenyewe yako mbali: marehemu aliishi Kiamunyi lakini anazikwa Butere, au aliishi Mamboleo na kwao ni Ugenya. Familia nzima inaondoka, nyumba inatiwa kufuli, na mnyama anabaki uani akimsubiri mtu ambaye hatarudi.

Ninaishi Nakuru, na kazi hii ya kuwatafutia makao wanyama walioachwa nimeifanya kwa muda mrefu pamoja na majirani na daktari wetu wa mifugo. Ushauri wangu mkubwa ni huu: mnyama apate msimamizi haraka, lakini makao mapya ayapate polepole. Familia nyingi hufanya kinyume. Kwa siku kumi hakuna anayemtazama, kisha siku ya kuhama anapewa wa kwanza kumtaka.

1. Mtajeni msimamizi kwenye kikao cha kwanza

Mtu asimame aseme, "Mzee ameacha mbwa wawili na paka. Nani atawaangalia mpaka tumalize mazishi?" Jina liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama linavyoandikwa la mweka hazina. Msikubali jibu la "tutasaidiana." Kila mmoja atadhani mwenzake ameshapeleka chakula.

Msimamizi awe mtu wa karibu na nyumba, si yule mwenye huruma nyingi aliye Nairobi. Apewe ufunguo wa lango na atengewe pesa kidogo kwenye mchango. Asione haya kuziomba, maana kulisha mbwa wawili wakubwa wiki mbili si jambo la sarafu za mfukoni. Kama nyumba ni ya kupanga, azungumze na mwenye nyumba mapema. Mwenye nyumba aliyeelezwa kwamba wanyama wataondoka baada ya muda fulani huvumilia. Anayekuja kukuta mbwa wanabweka kwenye ua usio na mtu hutafuta njia yake mwenyewe ya kuwaondoa, na njia hiyo si nzuri.

Maji yatangulie chakula. Mbwa mzima anaweza kuvumilia njaa kwa siku kadhaa, lakini kwenye jua la Kisumu bila maji siku moja tu ni hatari. Paka naye asiachwe kwa maneno ya "atawinda panya." Paka asiyekula kwa siku mbili tatu mfululizo, hasa aliyenenepa, huanza kuharibika ini. Chakula kiwe kile kile alichozoea. Kama alikula ugali na omena, endeleeni na ugali na omena, kwa sababu kubadilisha ghafla humletea kuharisha wakati ambao tayari ana majonzi. Mabaki ya matanga yachujwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa tumbo, na kitunguu ni sumu kwa mbwa na paka. Ni mchuzi gani wa kwetu usio na kitunguu?

2. Mtoeni kwenye umati

Matanga ni hema, viti vya kukodi, jenereta, muziki usiku kucha, watoto wengi na wageni ambao mbwa hajawahi kuwaona wakiingia bila kubisha. Mwenye kumtuliza hayupo. Hata mbwa mpole kuliko wote anaweza kuuma siku hizo. Mpelekeni kwa jirani anayemfahamu, au afungiwe kwenye chumba tulivu chenye maji, na mtu mmoja tu awe anaingia. Paka afungiwe pia, la sivyo atatoroka siku ya kwanza na hamtamwona tena.

Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali akapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Asingoje kuona kama kidonda kitapona. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungiwe na daktari wa mifugo aarifiwe, kwa kuwa huangaliwa kwa siku 10, na akibaki mzima siku hizo zote ina maana hakuwa akiambukiza kichaa alipouma. Ugonjwa huu bado upo kwetu. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nao ifikapo mwaka 2030, na Kisumu na Siaya ni miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza kampeni hiyo.

Wengine hupenda kumbeba mbwa kwenda naye mazishini ili "amuage mzee." Nia ni njema, lakini mbwa wa mjini akifika boma geni lenye mbwa wengine na mamia ya watu huchanganyikiwa na kukimbia. Ninawasihi abaki nyumbani.

3. Hakikisha ni nani mwenye haki ya kumtoa

Hapa ndipo watu wema huingia matatani. Kisheria mbwa ni mali, sawa na ng'ombe au baiskeli, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kujitwalia au kugawa mali ya marehemu kabla ya kupata mamlaka. Kumlisha na kumtibu hakuna atakayekulaumu. Kumuuza au kumpa mtu kabisa bila familia kukubali ni jambo lingine, hasa kama ni German Shepherd au Japanese Spitz ambaye mtu atamnunua kwa maelfu.

Kwa hiyo wenye urithi waulizwe wote kwa uwazi, hata kama ni kwenye kundi la familia la WhatsApp, na majibu yahifadhiwe. Kukiwa na mvutano, mwite naibu wa chifu ashuhudie kwamba mnyama amewekwa kwa fulani kwa muda tu. Na wa familia wasiomtaka wafahamu kwamba kumtelekeza mnyama mpaka ateseke ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Kuna wanyama wawili wasiofuata njia hii: kobe anayezunguka bustanini na kasuku wa kijivu. Hao ni wanyamapori, na kuwafuga kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Kasuku wa kijivu ana historia chungu huku kwetu, kwa kuwa Msitu wa Kakamega ni mojawapo ya makao yake ya asili nchini na wengi waliibwa humo wangali vifaranga. Mwaka 2021 KWS ilitoa muda wa msamaha ili waliokuwa nao wawaandikishe. Ukimkuta kasuku kwenye nyumba ya marehemu, tafuta kwanza hicho kibali kwenye karatasi zake, kisha piga simu KWS. Ofisi zao zipo Hifadhi ya Ziwa Nakuru na kwenye Hifadhi ya Impala ya Kisumu. Usimfungulie tundu aruke. Aliyelelewa ndani hajui kujitafutia.

4. Kusanya habari zake, kisha umwone daktari

Anayemjua mnyama vizuri mara nyingi si mtoto wa marehemu. Ni dada wa kazi, mlinzi wa lango au kijana wa shamba. Kaa naye chini kwa heshima, umuulize: "Dada, huyu mbwa anakula saa ngapi? Anamwogopa nani? Ameshawahi kuuma? Radi ikipiga anafanya nini?" Uliza pia anaitwa kwa jina gani na kuamrishwa kwa lugha gani. Nimewahi kukuta mbwa mwenye adabu zote akionekana kiziwi kwa sababu maisha yake yote alisemeshwa Kijaluo na sisi tulimpigia kelele kwa Kiswahili. Andika yote kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo utakwenda na mnyama.

Tafuta kadi ya chanjo kwenye droo na makabati. Isipopatikana, chukulia kwamba hakuchanjwa. Daktari ampe chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Hakikisha huyo daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, maana wapo wauzaji wa dukani wanaojiita madaktari.

Jike afungwe kizazi kabla hajatoka mikononi mwenu. Najua gharama inauma wakati wa msiba, lakini hili silegezi. Jike wa aina nzuri asiyefungwa kizazi huvutia watu wanaotaka tumbo lake tu, azae kila anapopata joto mpaka achakae. Akishafungwa, hao wote hukata simu.

5. Anza kutafuta karibu, ndipo uende mbali

Makao bora mara nyingi yako ndani ya uzio. Yule dada wa kazi au mlinzi anampenda mbwa na mbwa anampenda, ila msiba umempotezea kazi na pa kulala, na kwa hiyo hakuna anayemuuliza. Muulizeni. Akikubali, familia ikimwahidi pesa ya chakula ya kila mwezi, hata kwa mwaka mmoja tu, mnyama habadilishi mtu anayemwamini, na mtu aliyemhudumia mzee naye anapata cha kushika. Nimeona mpango huo ukifaulu pale ndugu walipokuwa wamekata tamaa.

Baada yake waulizeni majirani, halafu jamaa, halafu watu wa kanisani au msikitini. Daktari wa mifugo huwajua wateja waliofiwa na mbwa wao majuzi. Walio upande wa Njoro wawakumbuke walimu na wanafunzi wa kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Egerton, kwa sababu hata wasipochukua wenyewe wanawajua wanaotaka. KSPCA ya Nairobi, shirika la kutetea na kutunza wanyama, nayo huwapokea wanyama na kuwatafutia watu, lakini piga simu kwanza usikie kama wana nafasi. Mbwa aliyekomaa aliyezoea ua wa nyumbani huteseka kwenye vizimba, hivyo kwangu hiyo ni njia ya mwisho.

Tangazo la hadharani lisitaje mtaa wala lisiseme kwamba mwenye nyumba amefariki. Wezi husoma matangazo kama watu wengine, na nyumba tupu ambayo mbwa wake anaondoka ni mwaliko kwao. Weka picha nzuri mchana, akiwa amesimama. Sema ukweli kuhusu umri na tabia. Neno "bure" usiliweke kabisa. Andika "anatafutiwa familia, masharti yapo."

6. Chuja wanaomtaka

Kwenye matanga utasikia mtu akisema, "Huyo Simba nitaondoka naye mimi, kwangu kuna nafasi." Jibu lenye heshima ni, "Asante sana, baba mdogo. Tukimaliza mazishi tutakuja kwako tuone, halafu tuzungumze." Aliyesema kwa dhati atangoja. Wengi watakuwa wamesahau wiki inayofuata, na hapo mmejiepusha na mbwa wa kufungwa mnyororo nyuma ya ghala.

Kwa simu, swali ninalolitegemea kuliko yote ni hili: "Mbwa wako wa mwisho alifikia wapi?" Halafu nyamaza usikilize. Aliyezeeka akafa mikononi mwake, hiyo ni sifa. Kugongwa na gari mara moja ni ajali. Lakini mtu akisema "alipotea," na wa kabla yake naye "alipotea," hapo hakuna lango, au lango halifungwi. Uliza atalala wapi, nani atabaki naye mchana, na kama mwenye nyumba anaruhusu. Anayetaka kumchukua jioni hii hii asipewe. Anayeuliza maswali mengi kuhusu mbwa mwenyewe apewe nafasi ya kwanza.

Swali la kuku halikwepeki upande wetu. Bungoma, Vihiga au Kakamega, kuku huzunguka bomani huru, na mbwa aliyekulia ndani ya geti la Milimani hajui kwamba kuku si mchezo. Ataua wawili wiki ya kwanza. Wa tatu akiwa wa jirani, mbwa huyo atapewa sumu au apigwe panga. Kama anayemtaka anaishi shambani, mpeleke mbwa kwanza akiwa kwenye kamba, mtembeze mbele ya kuku na kondoo, utazame macho na masikio yake. Akikaza mwili na kukodoa, mtafutie mtu wa mjini. Mwenye boma hata akisema "atazoea," usikubali, kwa sababu gharama ya kuzoea huko hulipwa na mbwa.

Wanyama wawili waliolelewa pamoja na wanaolala mgongo kwa mgongo waende pamoja. Ni vigumu zaidi kumpata wa kuwachukua wote, lakini subira hiyo ina faida. Walio wakali kwa wenzao wanaweza kutengana bila shida.

7. Siku ya kumkabidhi

Iwe mchana, siku isiyo na wageni, na anayempeleka awe mtu anayemjua. Paka asafiri ndani ya kikapu au katoni ngumu yenye matundu, iliyofungwa kwa kamba. Gunia linamnyima hewa na linamtia hofu asiyoisahau. Mbwa mkubwa asibebwe kwa bodaboda. Asipewe chakula kizito asubuhi hiyo, barabara ya kupanda kutoka Kericho kuelekea Mau Summit humtapisha hata mtu.

Pamoja naye pelekeni bakuli lake, chakula cha wiki mbili, kadi ya chanjo, ukurasa ule wa habari, na kitambaa chenye harufu ya marehemu ambacho hakijafuliwa. Hicho cha mwisho watu hukidharau. Kuna jike mzee wa Lanet aliyekataa kushuka kwenye gari kwa mwenyeji wake mpya, amejikunja chini ya kiti, miguu ya mbele imeshika zulia. Binti wa marehemu alitoa leso ya mamake kwenye mkoba, akaitandaza kwenye veranda, akarudi nyuma bila kumwita. Tulingoja kimya. Mbwa alinyanyua pua kwanza, akashuka mguu mmoja mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye ile leso akaizunguka na kulala juu yake, na mwenyeji wake akapata kumgusa mgongo kwa mara ya kwanza.

Mwandikiane karatasi fupi yenye majina, tarehe, sahihi, na ahadi kwamba mwenyeji mpya akishindwa atamrudisha kwenu badala ya kumpa mtu mwingine. Mbwa akae kwenye kamba kila anapotoka nje ya lango kwa wiki za mwanzo. Paka abaki ndani ya chumba kimoja wiki mbili au tatu, dirisha limefungwa, la sivyo atashika njia kurudi kule alikotoka hata kama ni ng'ambo ya barabara kuu.

8. Aliye mzee sana au mgonjwa

Si kila mnyama atapata wa kumchukua. Mbwa wa miaka kumi na minne mwenye mtoto wa jicho na nyonga zinazomuuma, mtu pekee aliyemfaa ni yule aliyeondoka. Jaribuni kwa dhati kumpata mwanafamilia wa kumkalisha miezi yake iliyobaki. Ikishindikana na anaumia, daktari amdunge sindano ya kumpumzisha, nyumbani, mtu anayemjua akimshika kichwa. Ni tendo la huruma na hakuna wa kuwahukumu. Msimtie sumu, maana ni kifo cha mateso. Na msimwache sokoni au karibu na dampo la Gioto mkijiambia kuna wa kumwokota.

9. Kwa uliye hai na una mnyama

Mnyama hawezi kurithi pesa, lakini unaweza kumwachia mtu pesa ili amtunze. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili watakaoshuhudia sahihi yako, na wasiwe wale unaowaachia mali. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili nao unakubalika, ila ni kama umefariki ndani ya miezi mitatu tangu kuutamka, kwa hiyo usiutegemee. Kabla hata ya wosia, zungumza na jirani mmoja akubali kwa kinywa chake, na umwonyeshe mahali kadi ya chanjo ilipo.

10. Fuatilia

Piga simu siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Siku za kwanza mnyama anaweza kugoma kula, kulala langoni au kulia usiku, na mwenyeji asiyeambiwa hivyo mapema hudhani amepewa mgonjwa. Mbwa akikataa chakula zaidi ya siku mbili, au paka zaidi ya moja, aonwe na daktari. Toa ombi dogo: "Nitumie picha yake akila." Ukipigiwa kwamba imeshindikana, mfuate siku hiyo hiyo bila lawama, mshukuru aliyejaribu, umuulize kilichomshinda, ukiandike kwenye ule ukurasa wa habari kabla ya kumpigia simu mtu wa pili kwenye orodha yako.